Mlisha Ngozi na Dawa ya Mume Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na uniwie radhi kama mwandiko unapanda na kushuka, maana naandika nimekaa kwenye ngazi za nyuma za kazini wakati wa mapumziko, chai yangu imepoa pembeni na sina hata hamu ya kuinyanyua.

Mimi ni mke wa mtu, nina binti mmoja wa chekechea, na nafanya kazi kwenye maabara ndogo ambapo tunapima kama kitu fulani kinachoma ngozi au hakichomi, yaani sabuni, rangi, dawa za kusafishia na vitu kama hivyo, kabla havijaenda dukani. Zamani kazi hiyo walibebeshwa sungura, siku hizi tunatumia ngozi ya binadamu, lakini usishtuke mshauri kama anavyoshtuka kila mtu ninayemweleza, hatumchuni mtu, ni vipande vinavyobaki watu wakifanyiwa upasuaji, wenyewe wakaridhia vitumike, kisha wataalamu wanachukua seli zake na kuzikuza mpaka zinakuwa ngozi mpya nyembamba ndani ya kikombe kidogo kisichozidi kifuniko cha soda, na zinatufikia kwenye sanduku la baridi zikiwa hai, na kwa kuwa ziko hai lazima zilishwe, zina maji yake maalumu ya chakula, na mlishaji ni mimi. Ngozi hizo hazijui Jumapili wala homa ya mtoto. Mwalimu wa chekechea alipomuuliza binti yangu mama yako anafanya kazi gani, alijibu kwamba mama analisha ngozi za watu, nikaitwa shuleni kujieleza.

Sasa mshauri, nyumbani naishi na mama mkwe, alihamia kwetu baada ya baba mkwe kufariki, na tangu siku alipojua kazi yangu hakuwahi kula chakula nilichopika. Ana kisufuria chake, ana kikombe chake, anajipikia pembeni akimaliza anakiosha na kukificha chumbani kwake. Wala hakuwa na ugomvi, aliniambia kwa upole tu, "Mke wa mwanangu, mimi sina neno na wewe, ila mikono inayoshika ngozi za watu isinikorogee chai." Nikamwambia, mama, nashika kwa glavu. Akaniuliza, "Na glavu unazivua kwa nini, kwa miguu?" Mume wangu akacheka, mimi pia nikacheka, lakini ukicheka jambo hilohilo kwa miaka linachosha, unapika unapakua watu wanakula, na kiti kimoja kila siku kimekaa na mtu asiyekula.

Mume wangu ni mchanganyaji kwenye kiwanda cha sabuni na dawa za usafi, na muda mrefu amekuwa akihangaika na dawa yake moja ya kusugulia sakafu na kuzibua masinki, ameibuni yeye, na aliahidiwa kwamba ikipita vipimo atafanywa mkuu wa kitengo. Dawa hiyo ina harufu yake, juu unasikia ganda la chungwa, chini yake inakuja ile harufu ya dawa ya nywele ya saluni, na shati lake limenuka hivyo mpaka nimezoea kulifua peke yake. Kazini kwetu sampuli zinakuja na namba tu, jina la mwenye mali halipo, ili tusimpendelee mtu. Basi siku moja nikafungua chupa na shati la mume wangu likanipiga usoni. Najua nilitakiwa nimwambie bosi palepale, dawa hii naijua mwenye nayo, mpe mtu mwingine. Lakini mwenzangu wa benchi yuko likizo ya uzazi, na sanduku la ngozi lilikuwa limechelewa njiani na ngozi zikikaa zinazeeka hazifai tena, bosi anahema mlangoni, nikasema aa, kipimo ni kipimo.

Kipimo chenyewe ni hivi, unadondosha dawa juu ya ngozi, nyingine unaziacha kidogo na nyingine saa nzima, unaosha, kisha unaziweka kwenye rangi ya manjano. Ngozi iliyo hai inaigeuza rangi hiyo kuwa zambarau, iliyokufa haiwezi. Pembeni unaweka ngozi zilizodondoshewa maji tu, hizo lazima ziishi, na nyingine zilizodondoshewa magadi makali, hizo lazima zife, ili uwe na cha kulinganisha. Ila kabla ya yote kuna kitu kidogo cha kufanya, unachanganya dawa na ile rangi bila ngozi yoyote, uone kama dawa yenyewe haiigeuzi rangi. Bosi akasema, "Anza na ngozi kabla hazijatufia, hicho kingine utakifanya kesho." Nikaanza na ngozi. Zikatoka zambarau, tena zambarau nzito kuliko zile za maji. Bosi akacheka akasema, "Hii dawa inazilisha kuliko wewe," akainua simu hapohapo akawapigia kiwandani kwamba mambo ni mazuri, ripoti inafuata.

Mshauri, siku hiyo mume wangu alirudi na keki. Na mama mkwe akakipeleka kisufuria chake stoo, akaja mezani, akavuta kile kiti, akala chakula changu mpaka akapangusa sahani. Akasema, "Ngozi zako zimemtetea mwanangu, basi mimi ni nani." Kisha akaniita mwanangu, mimi ambaye sikuwahi kuitwa hivyo na yeye. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili nisisikike nalia.

Kesho yake nikafanya kile kitu kidogo. Nikatia dawa na rangi kwenye kichupa, bila ngozi, nikaenda kunawa, kurudi kichupa chote ni zambarau. Maana yake ni kwamba rangi ile niliyoiona jana huenda haikutoka kwenye uhai wa ngozi, ilitoka kwenye dawa iliyobaki imeng'ang'ania, na ngozi zenyewe huenda zilikwishakufa zamani. Namna ya kujua ipo, tuna ngozi tulizoziua makusudi kwa baridi, ziko kwenye friza, unazidondoshea dawa ileile, na kama maiti nayo ikigeuka zambarau basi unajua rangi imekudanganya kiasi gani, unatoa kile cha uongo kinabaki cha kweli. Sikufanya. Nilimwaga kichupa kwenye sinki, nikakisuuza, nikakaa. Hakuna aliyeniona, na ripoti bosi anaitia sahihi wiki hii, na chupa zitakwenda dukani bila ile alama ya mkono unaolika, inayoonya kwamba dawa inachoma.

Tangu siku ile ya keki nyumbani kuna amani ambayo sijawahi kuiona. Mume wangu ameleta dumu zima la dawa yake, mama mkwe ameivalia njuga kazi ya kumtangaza mwanawe, anasugua sakafu, anasugua sinki, anasugua mpaka ngazi za nje na za jirani, mikono mitupu, glavu anasema ni za wavivu, na binti yangu anamfuata na kitambaa chake, nyumba inang'aa naona haya kuikanyaga, mama mwenyewe hana shida yoyote ila zile za uzee, kikombe kinamponyoka, na simu yake siku hizi haitambui kidole chake, kila saa ananiita nimfungulie, mume wangu amesema akipata cheo atamnunulia nyingine. Na mshauri, hilo la mama ndilo linalonipa moyo kidogo, maana najiambia kama dawa ingekuwa inachoma angekwishalalamika, yeye anasema haiwashi hata chembe, inateleza tu vidoleni kama mafuta.

Nikisema, mume wangu ataanguka, na mama atakirudisha kisufuria. Nisiposema, nitakuwa napita madukani naangalia chini. Usiku silali, mchana nasinzia nimesimama. Nimechoka kulisha ngozi, nimechoka kupika, nimechoka kuwa mtu wa kuombea kiti kisirudi kuwa kitupu. Niambie, niseme au ninyamaze?

Mimi, Mlisha Ngozi


JIBU LA MSHAURI

Mlisha Ngozi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili niliinuka kitini. Nimepiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha tangu asubuhi na haipokelewi, nadhani imelala kwenye kabati la kazini pamoja na mkoba wako, ndiyo maana nimemwomba mhariri akupitishe mbele ya wenzako wanaolia na wachumba. Watanisamehe, wachumba hawaozi.

Umeniuliza useme au unyamaze. Jibu hilo unalo tangu siku uliyosuuza kichupa, kwa sababu mtu anayetaka kunyamaza hahangaiki kununua stempu. Sitapoteza wino hapo. Mimi nataka turudi kwenye barua yako, pale chini, ulipomtaja mama mkwe na simu. Umeipitisha habari hiyo katikati ya kikombe na kitambaa cha mtoto, ukaiita uzee. Sasa nikuulize, mama wa watu amezeeka ghafla wiki ile ile dumu lilipoingia nyumbani?

Simu inamjua mtu kwa michirizi ya kidole chake. Michirizi ikilika, simu haimjui. Kikombe kinamponyoka kwa sababu ncha za vidole zimekuwa laini, hazishiki. Hiyo simu si mbovu, mwanangu, na mume wako asinunue nyingine.

Nimempigia daktari wa ngozi ninayemfahamu, nikamsomea mistari yako. Aliniambia kuna dawa ambazo haziunguzi kama moto ukaruka ukapiga kelele. Zinakula taratibu, na maumivu yanakuja baadaye, kazi ikiwa imekwisha. Ule utelezi anaousifu mama, kwamba ni kama mafuta vidoleni, ni mafuta ya ngozi yake mwenyewe yanageuka sabuni. Nilipomwambia anayeandika ni mtu wa maabara ya ngozi, daktari alisema, "Kinyozi hajinyoi." Wewe haya uliyasoma, tena ulifanyia mtihani ukapasi. Kutwa unaangalia ngozi zisizo na wenyewe, ukirudi nyumbani kuna ngozi yenye mwenyewe anayekukaribisha mezani, na hujamgeuza kiganja ukakitazama.

Sikulaumu kwa kuchoka. Najua kuchoka. Najua kile kiti pia, mimi nimeolewa kwenye nyumba ambayo mama mkwe alikuwa akionja mchuzi wangu kwa ncha ya kijiko kama anapima sumu, na siku aliyoomba kuongezewa sikulala kwa furaha. Kwa hiyo naelewa ulivyoishika amani hiyo kwa mikono miwili ukaogopa hata kupumua karibu nayo. Lakini amani gani hiyo inayomla mtu vidole? Ukimya wako umeununua kwa ngozi ya mwanamke uliyetaka akupende, na mtoto anamfuata nyuma na kitambaa.

Mengine nitakugombeza haraka haraka, maana muda hatuna. Ulipofungua chupa ukanusa shati la mume wako, hapo hapo ndipo palikuwa pa kuita bosi. Kipimo ni kipimo, umesema, lakini mpimaji naye ni mke wa mtu. Ulipoona ngozi ya dawa ina uhai kuliko ngozi ya maji, mtu wa kazi yako alitakiwa ashtuke, kwa kuwa hakuna sabuni inayomfanya mtu awe hai kuliko maji. Na bosi wako, mwambie nimesema, anayetangaza matokeo kwenye simu kabla kazi haijaisha hana haki ya kucheka mtu. Lakini ndugu yangu, bosi huyo unamwogopa kabla hata hujamwambia. Barua nzima hakuna mahali amekukatalia. Kosa lake ni haraka, na haraka yake inarekebishika kabla hajatia sahihi.

Sasa nisikilize, na sehemu hii isome umesimama.

Omba ruhusa utoke kazini. Fika nyumbani, dumu litoe jikoni, lifunge, liweke mahali ambapo mtoto hafiki, wala usilimwage kwenye sinki, umeshamwaga vya kutosha. Mama mpeleke kwenye bomba, maji ya baridi yanayotiririka, mikono yote miwili, kwa muda mrefu mpaka akulalamikie, na akikulalamikia endelea. Pete avue. Usimpake siagi wala dawa ya meno wala chochote atakacholeta jirani. Mtoto naye mkague vidole, magoti, na pale anapoweka kitambaa. Kisha wapeleke hospitali wote wawili, na uchukue chupa ya hiyo dawa mkononi, daktari aione.

Mume wako mpigie aje hospitali, umwambie ukiwa umekaa naye pale kwenye benchi, mikono ya mama yake ikiwa mbele yake. Usimwambie ameshindwa. Mwambie kipimo hakijakamilika na umekuja kumwambia wewe kabla dunia haijamwambia. Atakasirika, muache akasirike, ni haki yake. Lakini mtu anayeijua kazi yake atapunguza ukali wa dawa, au ataitia alama ya mkono unaolika na kuuzia watu wenye glavu, na hakuna aibu katika hilo, dukani zimejaa. Leo anashangilia, ila mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ni afadhali ukingo huo aukute akiwa na wewe kuliko akiwa na mahakama ya watu waliobabuka.

Bosi mwambie kesho mlangoni, kabla hujavaa koti. Mwambie kuhusu kichupa, mwambie kuhusu sinki, mwambie dawa ni ya mume wako na mtu mwingine aishike. Zitoeni hizo ngozi za friza, mrudie kazi upya, na kiwandani apige simu yuleyule aliyepiga mwanzo. Ukifukuzwa, niandikie. Sidhani utafukuzwa. Ni nani mwingine atakayeziamkia hizo ngozi?

Kimebaki kisufuria. Unaogopa kitarudi kutoka stoo, na nakuambia kweli kinaweza kurudi. Mama mkwe anaweza kukasirika kwa ajili ya mwanawe na asikuite mwanangu kwa kipindi. Hilo huwezi kulizuia, wala usijaribu. Ila fikiria kitu kimoja ukiwa njiani kwenda nyumbani. Mikono yake itafungwa bendeji, yote miwili. Hataweza kushika sufuria wala kijiko wala kikombe chake mwenyewe. Utamlisha wewe, kwa mikono hiyohiyo aliyoikataa. Pika laini, upoze kwanza, na akifumba mdomo mwambie ni mimi niliyesema aufungue.